Karani Aliyehamisha Nyumba Hadi Jinja

Kwa miaka mingi nilimchukia Karani, na nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nimehongwa kumsifu. Yeye ndiye aliyepima majani yetu kwenye kituo cha kununulia chai, chini kidogo ya soko la Sosiot. Unafika na gunia mgongoni, umechuma tangu alfajiri, mvua imekunyeshea mpaka kwenye soksi. Unalitundika kwenye kulabu ya mizani, mshale unasimama kwenye ishirini na mbili, na Karani anaandika ishirini na nusu. Kilo moja ya gunia, nusu kilo ya umande. Hata mwezi wa pili, wakati wa kiangazi, vumbi likiwa limejaa njiani na nyasi zimekauka, umande ulibaki pale pale kwenye kitabu chake. Ukilalamika anakutazama juu ya miwani na kukwambia, "Mizani haina shemeji." Kisha anaita mtu mwingine.

Alikuwa mtu wa kutoka ziwani. Alikuja kutafuta kazi ya chai akiwa kijana, akanunua ekari moja kwetu, akajenga, akabaki. Kikipsigis, lugha yetu, alikijua vizuri kuliko wanangu, ila alikitumia kusalimia na kukataa tu. Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mkewe, Mama Akinyi, alimwita Karani mbele za watu, na Baba Akinyi alipokuwa na haja naye.

Sasa nieleze jambo ambalo lilinichanganya kuhusu mtu huyu. Mwaka ambao mtoto wangu wa mwisho alilazwa hospitalini, na mimi na mke wangu tukawa tunalala huko kwa zamu, kila jioni mtu alileta maziwa nyumbani kwa watoto waliobaki. Siku ya nne niliwahi kurudi, nikamkuta ni Karani mwenyewe, amevaa koti la mvua, ana mtungi mkononi. Nikamshukuru, nikamwambia lita nne kila siku ni nyingi mno. "Si nne," akanijibu. "Ni tatu na nusu. Povu nimetoa." Akaenda zake. Tangu siku hiyo nikawa namchukia kwa shida kidogo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nina kibanda nyuma ya soko, natengeneza milango, madirisha, vitanda, na mageti kwa wale wenye watoto ng'ambo. Mwaka wa pili baada ya Karani kustaafu, aliniletea lori. Lilikuwa lori kuukuu la kubebea majani, lile la ubavu wa waya, ndani mistari ya kulabu za kutundika magunia. Alilinunua kwa watu wa vyuma vikuukuu, akalivuta kwa trekta mpaka mlangoni kwangu.

"Fundi," akasema, "hii nataka ikuwe nyumba."

"Nyumba ya kuku?"

"Nyumba ya mke wangu. Tunaenda Uganda."

Nilidhani kustaafu kumemwingia kichwani. Lakini aliponieleza, nilishindwa kupata kosa. Binti yao, Akinyi, aliolewa na mtu wa upande wa Jinja. Alikuwa amejifungua mtoto, mtoto akatambaa, akasimama, sasa anakimbia, na Mama Akinyi hajawahi kumgusa. Alimwona kwenye simu tu, Jumapili baada ya kanisa, mtandao ukikubali. Kwao watu wa ziwani, mama hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake. Ni aibu ambayo haioshwi. Kwenda na kurudi Jinja kwa siku moja haiwezekani. Na lojing, vile vyumba vya kulipia, Mama Akinyi hataki hata kuisikia, kwa maana kitanda cha lojing, alisema, ni cha watu wasio na kwao. Tangu aolewe hajawahi kulala kitanda kisicho chake, isipokuwa cha hospitali siku alipomzaa Akinyi, na hicho bado alikilalamikia.

"Kwa hivyo," Karani akamaliza, "kama yeye hawezi kutoka kwa nyumba, nyumba itatoka na yeye."

Nikavaa miwani yangu ya kazi tukaanza.

Nilikuwa nimeona picha za magari ya wazungu ya kulala ndani, yanayopita yakielekea mbugani, kila kitu kidogo na cha kukunja. Nikamchorea Karani mfano wa namna hiyo. Mama Akinyi alikuja kuukagua na mwavuli wake, akapanda kwenye lori, akagonga sakafu ya mbao kwa kisigino.

"Hii ni nini?"

"Sakafu, mama."

"Hii ni sanduku. Nyumba iko na simiti."

Nikamweleza kwamba gari hutikisika na simiti hupasuka. Akaniuliza kama kwangu nimeweka mbao. Basi nikachomelea chuma cha kuimarisha chini, nikatandika wavu, tukamimina simiti ndani ya lori, tukaipaka ile rangi nyekundu na kuisugua mpaka ikang'aa. Watu walikuja kutoka sokoni kutazama. Mzee mmoja aliniuliza kama nina akili timamu, nikamwambia amuulize mwenye nyumba.

Kisha likaja suala la sebule. Katika mchoro wangu nilikuwa nimeweka kiti kimoja kirefu kinachogeuka kitanda. Mama Akinyi aliusoma mchoro kwa muda mrefu.

"Wageni wakikuja watakaa wapi?"

"Mama, mtakuwa barabarani. Wageni gani?"

"Kwani barabarani hakuna watu?"

Kwa hiyo theluthi mbili za lori zikawa sebule. Makochi mawili makubwa yenye vitambaa vya kufuma, meza ya kioo katikati, kabati la vyombo, saa ya ukutani, kalenda, na picha yao ya harusi. Kitanda kilijibana nyuma ya pazia. Zile kulabu za magunia Karani hakuniruhusu kuzikata. Alitundikia sufuria, mwavuli, kofia, na koti lake la mvua. Juu ya paa tukaweka sola na tangi la maji la lita mia tano, maana Mama Akinyi alisikia kwamba maji ya ugenini hayatoi rangi ya chai. Tangi lilijazwa maji ya Sosiot.

Choo ndicho kilichotugombanisha. Nilikiweka ndani, kwenye kona, kama nilivyoona kwenye picha. Safari hii Karani ndiye aliyekataa. Choo na sufuria chini ya paa moja, alisema, mbwa tu ndiye angekubali. Nikakichomelea nyuma, nje, na mlango wake peke yake na bati lake peke yake, kikaning'inia kwenye mgongo wa lori. Ukitaka kwenda haja unateremka chini, unazunguka, unapanda ngazi. Nikamkumbusha kwamba huku kwetu mvua hunyesha kila alasiri. Akasema hata choo chake cha nyumbani kiko nje, na hajawahi kuyeyuka.

Kila kitu kilipimwa kabla ya kuingia. Kituo kilipoletewa mizani ya umeme, Karani aliichukua ile ya zamani, akaitundika kwenye mti wa mkaratusi mbele ya kibanda changu. Kochi lilining'inizwa pale. Kabati. Debe la mchanga, debe la kokoto, debe la simiti, moja moja. Yeye anasoma, anaandika kwenye daftari, anapiga tiki. Wateja wangu walidhani anaviuza. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua, akasema lori lina kiasi lilichoruhusiwa kubeba, na yeye hajawahi kuvunja kanuni ya uzito maishani mwake. Hilo nilikubali, kwa uchungu.

Kulikuwa na jogoo pia. Kaka mkubwa wa Karani alikuja kutoka ziwani kulikagua lori kabla ya safari, mzee mnyamavu wa kofia ya unyoya, akalizunguka mara tatu. Akauliza, hii ni gari au ni boma? Karani akajibu ni nyumba. Mzee akasema kama ni nyumba, basi mahali itakaposimama ni boma jipya, na mtu wa kwao hahamii boma jipya bila jogoo.

"Tutalala njiani mara mbili," Karani akasema. "Niko na jogoo mbili."

"Na mkirudi?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mzee akaamua kwamba jogoo mmoja atasafiri akiwa hai, asichinjwe, na mahali popote watakapolala atashushwa chini akanyage ardhi, awike au asiwike. Nikachomelea kizimba juu ya kichwa cha dereva. Jogoo naye alipimwa.

Na dereva, utauliza, alikuwa nani? Karani hakujua kuendesha hata baiskeli. Alitumia mwaka mzima na akiba yake ya maisha kutengeneza gari asiloweza kuliwasha, na hakuona ajabu yoyote ndani yake. Mimi ndimi niliyekuwa na leseni ya lori. "Wewe utatufikisha boda ya Uganda," aliniambia, si kwa kuomba. "Mkwe atatuma dereva wake hapo." Nilikubali. Nilijiambia ni kwa sababu ya kazi ya mikono yangu, ila ukweli ni kwamba nilikuwa namfikiria yule mama na simu yake ya Jumapili.

Tulifanya safari ya majaribio kwanza, mpaka Mulot, kwa sababu huko hakuna aliyemjua. Ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe. Nikaegesha pembeni, Mama Akinyi akafungua mlango ili hewa iingie, na mapazia yake meupe yakapepea. Kabla hata hatujachemsha maji, mama mmoja alikuwa ameshapanga foleni na mtoto mgonjwa, akidhani sisi ni kliniki. Nyuma yake akaja mzee na mbuzi anayechechemea. Mama Akinyi alimwekea mtoto kitambaa cha maji, akampa mbuzi chumvi, akawakaribisha wote wakae. Wachuuzi wa ng'ombe walipoona makochi wakaingia nao, fimbo wakaziegemeza mlangoni, viatu wakavua kwa sababu ya ile sakafu. Kufikia saa nane watu kumi na mmoja walikuwa wamekunywa chai sebuleni. Mmoja akauliza kama kuna chapati.

"Unaona?" Mama Akinyi alimwambia mumewe, uso umemng'aa. "Wageni."

Karani alikuwa anatazama jinsi wanavyoweka sukari.

Tukaondoka wiki iliyofuata. Mama Akinyi alipanda nyuma, sebuleni, akakaa kwenye kochi na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri daktari. Mimi na Karani tukakaa mbele, jogoo juu yetu. Tuliteremka kuelekea ziwani polepole sana, maana ile simiti ilitusukuma kwenye kila mteremko, na breki zilianza kutoa harufu. Nilimwambia Karani gari ni zito. Akafungua daftari. "Haiwezi," akasema. "Iko chini na kilo kumi."

Mbele kidogo ya mji wa ziwani tulikuta mizani ya barabarani, ile ya kupimia malori. Askari akatuelekeza ndani. Nakiri nilifurahi. Karani alishuka, akarekebisha tai, akasimama kando na daftari lake kama mtu aliyekuja kusaidia. Lori likapanda. Kijana wa kwenye dirisha akatazama kioo chake, akatazama lori, akatazama kioo tena.

"Mzee, umezidisha. Karibu nusu tani."

"Mizani yako ni mbovu," Karani akasema.

"Mzee, hii imekaguliwa."

"Mimi nimepima kila kitu. Kitu kwa kitu. Angalia hapa."

Kijana alikuwa na adabu. Alilichukua daftari, akalisoma kurasa mbili, akaniita. Pembeni mwa kila uzito kulikuwa na alama ndogo. Nilizijua alama zile. Nilikuwa nimeziona kando ya jina langu kwa miaka.

"Karani," nikamuuliza, "ulitoa kilo ya gunia?"

"Ndiyo."

"Kwa kila kitu?"

"Ndiyo. Na nusu ya umande."

"Debe la mchanga pia? Kila debe?"

"Hiyo ni kanuni."

"Kabati lilikuwa ndani ya gunia?"

Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuwaza jambo hilo. Malori yalikuwa yamejipanga nyuma yetu, madereva wakipiga honi, na yeye amesimama pale akilitazama daftari, midomo inahesabu. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo nusu ya maisha yangu, na ilipofika niliionea haya. Pazia lilifunguka kidogo, nikamwona Mama Akinyi akitutazama. Alijua kuna kitu kimeharibika. Mkoba alikuwa ameushika kwa mikono miwili.

Kijana akasema hatuwezi kupita na mzigo huo, tupunguze au turudi tulikotoka. Kupunguza nini? Simiti haitoki. Karani aliangalia makochi, akaangalia kabati, akaangalia pazia. Kisha akapanda ngazi ya paa mwenyewe, mzee wa zaidi ya miaka sitini na tai shingoni, akafungua koki ya tangi. Maji yote ya Sosiot yakamwagika barabarani. Kina mama waliokuwa wakiuza ndizi walikuja mbio na ndoo na mabeseni. Alibaki juu mpaka tone la mwisho, amelowa miguu, na hakumwomba mtu yeyote ampimie alichopoteza. Lori likapanda tena kwenye mizani. Kijana akatupungia mkono tupite.

"Chai ya huko itakuwa nyeupe," Mama Akinyi alisema kutoka nyuma. Kisha akaongeza, "Si kitu, Baba Akinyi."

Niliwaacha boda. Dereva wa mkwe alikuwa anatungoja, nikampa funguo na kumwonyesha breki. Walivuka na choo chao nyuma na jogoo wao juu, na afisa wa upande ule alitoka ofisini kupiga picha. Nikarudi nyumbani kwa basi.

Miezi miwili ikapita. Nilisikia kwamba walifika, na kwamba lori liliegeshwa nje ya geti la mkwe, kando ya barabara. Ndani ya ua lisingeweza kuingia, kwa sababu mama mwenye nyumba yake ndani ya boma la mkwe angeonekana ameolewa hapo. Zaidi ya hapo sikusikia. Halafu asubuhi moja nikaona ng'ombe wa Karani anakamuliwa na Karani mwenyewe, na lori halipo.

Nikaenda kumsalimia. Mlango ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa na kitu. Misumari ukutani, alama ya mahali saa ilipokuwa, gunia limetandikwa sakafuni pembeni. Alinikaribisha nikalie ndoo, yeye akabaki amesimama.

"Mama Akinyi hajambo?"

"Hajambo. Yuko nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Jinja."

Akanieleza, taratibu, akiangalia nje. Jioni ile ya kwanza Akinyi alitoka getini amebeba mtoto na blanketi, akaingia kwenye lori, akasema leo analala kwa mama yake. Hakuna mila iliyovunjika, ile ilikuwa nyumba ya wazazi wake. Lakini baba naye hawezi kulala chumba kimoja na binti aliyeolewa. Karani akahamia mbele, kwenye kiti cha dereva, akajikunja kando ya usukani, magoti kwenye dashibodi. Kesho yake Akinyi akaja tena. Na kesho yake.

"Ulilala huko siku ngapi?"

"Wiki saba."

"Kitanda nilichokuchomelea?"

"Nilikilalia mara mbili. Njiani."

Mtoto alikuwa akimgongea kioo kila asubuhi na kumpa kipande cha chapati, chenye alama za meno. Alipolisema hilo alinionyesha ukubwa wake kwa vidole viwili. Mkwe alikuja kusalimia kutoka getini, macho chini, kwa heshima zote. Majirani walianza kuja kunywa chai kwenye yale makochi, kisha kikundi cha akina mama cha kanisa kikahamia hapo siku za Alhamisi. Kila asubuhi Karani alimwambia mkewe kesho tunarudi nyumbani. Na kila asubuhi Mama Akinyi alimwuliza, warudi wapi, na yeye si yuko kwake? Kitanda chake kipo, saa yake ipo, picha ya harusi ipo. Mwishowe akamkumbusha mumewe kwamba ng'ombe anakaribia kuzaa, na mtu inafaa aende.

"Hakuna kitu ilikosa kwa hiyo lori, Fundi," akaniambia. "Hata chumvi."

Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ilinishangaza. Nikamuuliza kama amemwambia kwamba anamhitaji hapa. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo kwa lugha nyingine.

"Nataka unitengenezee kitanda," akasema.

Nikatoa futi yangu ya kupimia mfukoni, nikamuuliza upana, kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza. Cha mtu mmoja, au cha wawili?

Alitazama chumba, kona kwa kona.

"Cha wawili," akasema. "Na hiki ukichomelee sakafuni."